Mlima Aliouchagua Kito

Mume wangu alinisamehe saa kumi na tatu baada ya kufa.

Najua unachowaza. Unasema huyu naye kaanza, sasa hivi ataleta mizimu. Hapana, hakuna mzimu humu. Meseji ninayo kwenye simu mpaka leo, na saa yake imeandikwa pembeni.

Naitwa Elieth, Mtanzania, naishi Falls Church, Virginia, mwaka wa kumi na moja huu. Kazi yangu ni kompyuta za watu. Zikigoma, napigiwa mimi.

Mume wangu aliitwa Kito. Ukisikia jina utadhani ni wa kwetu, kumbe ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Bowie, Maryland. Baba yake, mzee Akinyele, alifundisha Kiswahili chuoni miaka thelathini. Mtoto akapewa jina la Kiswahili na akafundishwa Kiswahili chenyewe, kile cha kitabuni kabisa. Siku ya kwanza tulipokutana aliniambia, "Hujambo, bibie? Naomba kuketi." Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Nilikuja kuwazoea, baba na mwana. Wanaongea sawasawa, wanaandika sawasawa, nukta na mkato mahali pake. Hata meseji ya kuniomba nipitie maziwa dukani ilikuwa inaanza na "Mpenzi wangu Elieth".

Sasa, familia ile ilikuwa na ugonjwa wao mmoja. Theluji.

Mzee Akinyele alikuwa kwenye klabu ya watu weusi wa hapa DC wanaokwenda milimani kila majira ya baridi kuteleza na zile mbao ndefu za miguuni, skii. Kito alivalishwa skii akiwa na miaka minne. Alipomaliza chuo akaenda Japani kufundisha Kiingereza miaka mitatu, na kabla hajarudi, yeye na baba yake wakanunua nyumba kuukuu ya mbao pembeni ya mji unaoitwa Iiyama. Wenyewe walikuwa wazee, walishafariki, watoto wao hawaitaki.

Wenzangu waume zao wana kiwanja Bagamoyo. Mimi wangu ana nyumba ya likizo mahali ambapo theluji inafika dirishani.

Miaka sita ya ndoa nilikwepa kwenda. Mara kazi imebana, mara mgongo, mara dada yangu anakuja. Mwaka huu visingizio vikaniishia.

Kito alitangulia mwanzoni mwa Januari kwenda kuifungua nyumba, mimi nimfuate katikati ya Februari. Na wiki tatu nzima kwenye simu hatukuwa na jambo lingine la kuongea isipokuwa hili: Elieth ataanza kujifunza kuteleza kwenye mlima gani?

Maana kuizunguka ile nyumba kuna milima ya kuteleza mingi tu, na kila mmoja una kituo chake. Sisi tulibakiza mitatu.

Kuna Nozawa. Mkubwa, una kijiji chenye mabafu ya maji moto yanayotoka ardhini. Huo niliukataa kwa sababu una watu wengi, na mimi sitaki kuanguka mbele ya kadamnasi.

Kuna Togari. Mdogo, mpole, familia zinapeleka watoto. Huo ndio nilioupenda.

Na kuna Madarao. Msitu, miti kila upande, theluji laini kama unga wa ngano. Huo ndio Kito aliokuwa anauota.

Basi jioni moja ya Alhamisi, saa kumi na mbili, niko jikoni nakaanga ndizi, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Kwake ilikuwa Ijumaa saa mbili asubuhi. Namwona amevaa kofia ya sufu, nyuma yake dirisha jeupe pe.

"Nimeamua," nikamwambia. "Togari."

"Mpenzi, Togari ni pa watoto."

"Mimi ndiye mtoto mwenyewe. Sijawahi kuvaa hayo madude hata siku moja."

"Ukianzia Togari utabakia Togari. Madarao nako kuna mteremko wa wanaoanza. Ni rahisi tu."

"Usiniambie ni rahisi! Kila kitu kwako ni rahisi. Rahisi nini? Nikivunjika mguu je?"

"Hutavunjika."

"Umejuaje? Kito, mimi naogopa, halafu wewe unanidanganya kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano!"

Akanyamaza. Kito akinyamaza hivyo ujue hajakubali, anajipanga. Yule mwanaume hakuwahi kukubali kushindwa hata kwenye karata. Akishindwa leo, kesho asubuhi anakuamsha mrudie.

"Madarao," akasema taratibu, "siku moja tu. Ukichukia, tunahamia Togari."

Mimi nilikuwa nimechoka. Siku nzima nimetukanwa na watu ambao wamesahau nywila zao wenyewe. Foleni ya Beltway, ile barabara kuu inayozunguka DC, ilinila saa moja na nusu. Ndizi zikaanza kuungua. Nikaona mtu huyu hanisikii.

"Unajua nini? Hiyo nyumba unaipenda kuliko mimi."

"Elieth, hilo si kweli."

"Basi kalale na theluji yako!"

Nikakata.

Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia mume wangu. Sitalipamba.

Asubuhi niliamka nikiwa na aibu. Nikasema nioge, ninywe chai, halafu nimwombe msamaha kama mtu mzima.

Kabla hata maji hayajachemka, mlango ukagongwa. Kaka yangu Fidelis. Huyu anafanya kazi kwenye maghala kule Landover, na saa ile alitakiwa awe zamuni.

"Shikamoo kaka. Kulikoni?"

"Marahaba. Nimekuja kuchukua gari lako, nikabadilishe matairi. Barabarani kuna barafu."

"Leo? Si nakwenda kazini?"

"Fanyia kazi hapa hapa leo. Mdogo wangu, nipe funguo."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, akasema mafua. Nikampa funguo, nikamwambia ale tangawizi. Alisimama pale mlangoni ananiangalia, halafu akanikumbatia. Fidelis! Mtu ambaye hata siku ya harusi yangu alinipa mkono.

Nikaona leo kaka kaamka vizuri.

Saa mbili na dakika hamsini nikakaa kitandani, nikaandika. Naiweka hapa kama ilivyo:

"Kito, nisamehe kwa lile neno la jana. Sikumaanisha. Naogopa huo mlima, ndiyo maana mdomo umenitangulia. Kama umenisamehe, chagua wewe, popote utakaposema nitakuja."

Tiki mbili. Zikawa bluu hapo hapo. Halafu ikaandika *anaandika*, ikaacha, ikaandika tena, ikaacha. Dakika kumi nzima nimekikodolea macho kioo cha simu.

Saa tatu kamili jibu likaingia.

"Mpenzi wangu Elieth, nilikusamehe kabla hujasema. Usijilaumu kwa lolote. Twende Togari. Ni pazuri kwa wanaoanza."

Jamani, nilipiga kigelegele peke yangu. Nimeshinda! Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, Kito amekubali yaishe.

Nikapiga simu nisikie sauti yake. Ikaita, haikupokewa. Meseji ikaja: "Mtandao ni dhaifu kwa sababu ya theluji. Tuandikiane tu, mpenzi."

Sawa. Sikuwaza kitu.

Saa nne Serah akaja. Serah ni Mkenya, tunafanya kazi pamoja na anakaa ghorofa ya juu yangu. Amebeba chapati kwenye bakuli.

"Niaje Elieth. Nimekuletea chapo."

"We Serah, leo hujaenda kazini?"

"Nime-take off. Nilijiskia tu kukaa na wewe. Kwani ni mbaya?"

Si mbaya. Nikamwonyesha meseji, nikamsimulia ugomvi wote mpaka ushindi wangu. Nikamchezea pale sebuleni, kiuno kabisa, naimba "Togari, Togari". Serah akasimama ghafla akaenda bafuni. Nikasikia bomba linatiririka muda mrefu mno. Aliporudi uso ulikuwa umelowa.

"Aki wewe, kula kwanza," akaniambia. "Hii chapo itapoa."

Hakuondoka mpaka jioni. Na Jumamosi asubuhi akarudi tena.

Siku hiyo nikamwambia anipeleke nikanunue viatu vya theluji, maana gari langu Fidelis bado hajalirudisha. Akajaribu kunikatalia, oh barabara, oh tungoje. Nikang'ang'ana. Nikanunua viatu vya zambarau. Nilivipiga picha nikamtumia Kito.

"Vinapendeza sana," akajibu. "Beba pia soksi nzito za sufu."

Nilikuwa na furaha, na mke mwenye furaha ana mambo yake. Mchana ule nikamwandikia mume wangu maneno ya chumbani. Siyaandiki hapa. Yalikuwa maneno ya mtu na mumewe waliokaa mwezi bila kuonana.

Tiki zikawa bluu. Baada ya kama nusu saa likaja jibu.

"Asante, mpenzi. Pumzika."

Nikacheka. Nikahesabu masaa, kwao ilikuwa saa nane usiku. Nikajisemea, mtoto wa watu hajalala, ananiwaza mimi.

Jumapili asubuhi nimejiandaa kwenda kanisani. Mlango ukagongwa, nikafungua.

Fidelis. Nyuma yake mzee Akinyele, amevaa koti jeusi refu. Nyuma yao Serah. Na katikati yao dada yangu Genoveva, ambaye anakaa Minneapolis, ambaye hakuniambia kama anakuja, amejifunga khanga kiunoni juu ya suruali yake ya jeans.

Mtu wa kwetu akiona khanga imefungwa namna ile, hahitaji kuambiwa.

"Nani?" nikauliza.

Genoveva akanishika mikono yote miwili.

"Ni mama?"

"Mama yupo, mdogo wangu. Mama ni mzima. Kaa kwanza."

"Sikai. Nani? Ni mjomba?"

Wananivuta kwenye kochi, mimi nagoma. Na unajua nilifanya nini? Nilifanya ambacho mke yeyote angefanya. Nilichomoa simu nikamwandikia mume wangu.

"Kito kuna msiba hapa hawataki kuniambia nani nipigie haraka."

Nikatuma.

Ndani ya koti la mzee Akinyele kitu kikalia, *ting*.

Mzee akaweka mkono kifuani, juu ya koti. Nikatuma tena, neno moja tu, "Kito".

*Ting*.

Nikamwendea, nikaingiza mkono ndani ya koti la baba mkwe wangu, nikatoa tableti. Nikaiona meseji yangu pale juu. Chini yake viatu vya zambarau. Chini yake maneno yangu ya chumbani.

"Baba," nikasema, "kwa nini meseji za Kito ziko kwako?"

Genoveva ndiye aliyesema. Alinikumbatia kwa nyuma akaniambia sikioni, "Kito ametutoka, Ely. Tangu Ijumaa."

Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Serah aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nalia huku nauliza swali moja, kwamba kama Kito amekufa, Togari kachagua nani.

Ilikuwa hivi. Ijumaa ile, muda si mrefu baada ya mimi kukata simu, Kito alipanda juu ya paa kushusha theluji. Wenyeji wa kule hufanya hivyo kila mara, lazima, la sivyo nyumba inalemewa. Lakini hawapandi peke yao. Jirani yake mzee alishamwambia asubiri Jumamosi wapande wawili, wafungane kamba. Hakusubiri. Theluji ikaporomoka naye, ikamfukia chini ya ukuta wa nyumba yake. Jirani alimkuta saa sita mchana.

Theluji ilimfukia mume wangu. Na mimi nilishamwambia akalale nayo.

Soma tena hapo, halafu jiweke mimi.

Aliletwa Maryland, tukamzika siku ya kumi na mbili. Watu walijaa. Watanzania, Wakenya, Wakongo, wazee wa ile klabu ya kuteleza, wamevaa skafu zao za rangi moja. Kila mtu ananipa pole, na mimi kila nikimwangalia mtu nawaza: wewe ulijua lini? Ijumaa? Jumamosi? Nilipokuwa nacheza sebuleni wewe ulikuwa unajua?

Nilimbana Fidelis kwanza.

"Ningekuambiaje?" akasema. "Uko peke yako ndani, nikupigie simu nikwambie mumeo amekufa? Ungeanguka nani akuokote? Kwetu hatufanyi hivyo, unajua. Tulikuwa tunamngoja dada. Ndege zimefutwa mara mbili, barafu. Mimi nilichukua gari ili usije ukasikia uko Beltway."

Na kweli, kwetu hatufanyi hivyo. Baba yangu alipofariki, Genoveva aliambiwa "baba anaumwa, njoo", akasafiri siku mbili akiwa na dawa za baba kwenye begi. Mimi mwenyewe ndiye niliyempigia. Nilimwambia zile dawa anunue, tena nikamtajia na majina.

Kwa hiyo Fidelis nilimwacha. Hasira yote nikaipeleka Bowie.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda kwa mzee Akinyele. Nilimkuta amekaa kwenye meza ya kulia chakula, chai imepoa mbele yake. Nilimsalimu kwa sababu nimelelewa.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikai. Nataka uniambie kitu kimoja. Nilipoandika Ijumaa naomba msamaha, kwa nini ulijibu?"

Akatazama mikono yake.

"Polisi wa kule walinipigia Alhamisi usiku," akasema, "kwa kuwa nyumba ina jina langu. Nilimpigia kaka yako ili anisindikize kwako. Nilitaka tukuambie asubuhi ile ile. Hapa kwetu tunasema wazi. Lakini akaniambia desturi yenu. Na mimi, Elieth, desturi hiyo nilikuwa naifundisha darasani. Nilikuwa nawaambia wanafunzi, tazameni jinsi Waswahili wanavyomlinda mtu na huzuni. Niliisifu miaka thelathini bila kuwahi kuiona kwa macho. Nikasema, mimi ni nani wa kuikataa?"

"Hiyo ni kuficha. Mimi nauliza kujibu."

"Kito aliunganisha WhatsApp yake kwenye tableti yangu Krismasi, tulipokuwa tunapanga mambo ya nyumba. Ikalia. Nikasoma. Mwanangu amekufa usiku ule, na mke wake anaomba msamaha. Ningekuacha bila jibu?"

"Ndiyo!"

Nilipiga kelele, mbele ya baba mkwe. Mungu anisamehe.

"Ndiyo Baba, ungeniacha! Sasa nitajuaje? Kuna mtu mmoja tu duniani angeweza kunisamehe, na wewe ukaandika kwa jina lake. Mimi nilifurahi! Nilicheza! Nilinunua viatu! Kumbe yeye kafa ananichukia, na sitajua kamwe!"

"Hakukuchukia."

"Alikuambia?"

Angeweza kusema ndiyo. Ningemwamini, kwa jinsi nilivyokuwa nataka. Ila nadhani uongo ulikuwa umemwishia.

"Hapana," akasema. "Hakuniambia. Hatukuzungumza siku ile."

Halafu mzee akaanza kulia. Akaniambia yeye ndiye aliyemfungia Kito skii za kwanza, yeye ndiye aliyesema nyumba ile inunuliwe, na kwamba alipoandika "usijilaumu kwa lolote" hakujua vizuri anamwandikia nani. Mimi sikumbembeleza. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka, na niliendesha mpaka Falls Church bila kuwasha hata redio.

Usiniulize nililalaje siku zile. Nilikuwa naifungua ile meseji naisoma naichukia, halafu naisoma tena. Usiku wote swali moja. Alipanda lile paa kwa hasira? Alipanda kwa sababu yangu?

Siku moja asubuhi, niko kazini, nafungua barua pepe. Katikati ya mambo ya ofisi kuna barua kutoka Japani, ya Kiingereza, ya kompyuta, zile zinazojituma zenyewe. Nikataka kuifuta. Nikaona jina langu.

Ilikuwa shule ya kuteleza. *Tunakukumbusha kwamba somo lako ni baada ya siku tatu.* Mwanafunzi: Elieth. Kiwango: hajawahi kabisa. Aliyeweka nafasi: Kito.

Mahali: Madarao.

Nikashusha macho. Nafasi iliwekwa Ijumaa ile, saa tatu kasoro dakika kumi na tatu asubuhi, saa za Japani.

Nilikata simu saa mbili na kitu. Kwa hiyo nimemtukana, nimemkatia simu, na yule mwanaume amekaa chini, amefungua kompyuta, akaniwekea nafasi mlima ule ule tuliougombania!

Nilicheka. Ofisini, kwa sauti, watu wakageuka. Huyo! Huyo ndiye Kito! Hakuchagua Togari hata kidogo. Hakunyenyekea, hakusema nimekusamehe kabla hujasema. Alikuwa bado anabisha, na alikuwa bado ananingoja niende. Mtu anayekuchukia hakuwekei mwalimu.

Halafu nikaona chini kuna kisanduku cha maelezo ya ziada. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza. Nakutafsiria:

"Mke wangu anaogopa. Tafadhali msimwambie ni rahisi, hapendi kudanganywa. Akiuliza kama kuanguka kunauma, mwambieni kunauma. Halafu mshikeni mkono."

Sikumaliza siku ile kazini. Serah alinikuta chooni nimekaa sakafuni, hakuniuliza kitu, alikaa na yeye.

Alikuwa amenisikia. Siku zote zile nilidhani hakunisikia, kumbe alinisikia neno kwa neno. Kuhusu paa sijui. Sitajua kwa nini hakumsubiri jirani, na hilo ninalo na nitakuwa nalo mpaka nami nizikwe. Ila hili moja nimelijua, na nimelijua kutoka kwake mwenyewe.

Jioni nilikwenda Bowie. Nilimsalimu mzee, nikaweka simu mbele yake. Akavaa miwani, akasoma polepole, akarudi juu, akasoma tena ile saa.

"Madarao," akasema.

"Madarao, Baba."

"Mimi nilidhani ukiambiwa Togari utafarijika."

"Nilifarijika. Ila hakuwa yeye."

Akatikisa kichwa, machozi yanaingia kwenye ndevu. Safari hii nilimshika. Tulikaa pale mpaka chai ya pili ikapoa, hakuna aliyemwambia mwenzake usilie.

Shule ile waliniuliza kama nifute somo au nisogeze. Nimesogeza mpaka Januari ijayo. Madarao. Mzee anasema tutakwenda wote, miaka yake sabini na nne hiyo hiyo. Naogopa mpaka sasa nikiandika, na sijui kama nikifika nitaweza hata kuikaribia ile nyumba.

Sasa nawe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba kitu.

Siku moja utapigiwa simu utaambiwa, "Fulani kafiwa, ila usimwambie kwanza." Watakuwa wanampenda, kama kaka yangu anavyonipenda. Mimi sisemi desturi yetu ni ya ukatili, niliifuata na mimi. Lakini zile siku mbili nilizoishi na mume aliyeandikwa na watu wengine hakuna wa kunirudishia, na nusura zinifiche mume wangu halisi.

Usimpigie simu yuko peke yake, hapo Fidelis ana haki. Nenda. Chukua mtu wa pili kama unaogopa. Fika siku hiyo hiyo, kaa karibu naye, mwambie jina la aliyekufa kwa mdomo wako.

Akikuuliza kama itauma, mwambie itauma. Halafu mshike mkono.